Paka wa Marehemu Mellen

Mwanamke aliyeingia katika ofisi ya mifugo ya Karungu jioni ile hakutarajiwa na mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa amezikwa tangu mwezi wa tatu. Alibeba kikapu cha mafunjo kilichofunikwa kwa leso, na ndani ya kikapu paka alikuwa akilalamika kwa sauti ya chini. Daktari Monari alikuwa dirishani akikausha vioo vya hadubini. Zadock, mlinzi wa ofisi na mshikaji wa miguu ya wanyama, alikuwa mlangoni akikwangua tope kwenye buti zake.

"Min Emma," Zadock alisema, akimwita Mama Emma kwa Kidholuo, "si tulikuzika?"

"Mlinizika."

"Nilikula hata nyama ya matanga yako."

"Nilikuona. Ulirudia mara mbili."

"Basi keti pale. Kuna mtu na mbuzi mbele yako."

Akaketi kwenye benchi. Mwenye mbuzi alisogea kidogo, si kwa hofu, bali kwa sababu benchi lilikuwa fupi. Mwanamke yule alinukia udongo uliochimbuliwa karibuni. Gauni lake la rangi ya samawati lilikuwa jipya, la kununuliwa mjini Suna kwa haraka, na lebo ya duka bado ilining'inia chini ya kwapa kwa uzi mweusi. Mara kwa mara alijikuna hapo.

Monari alikuwa amemaliza masomo yake ya udaktari wa mifugo Kabete mwaka uliotangulia, kabla ya mvua kubwa ya El Nino, na Karungu ndicho kilikuwa kituo chake cha kwanza. Alitoka Kisii na Kidholuo chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo watu wa ziwani walizungumza naye Kiswahili. Alikuwa na imani kwamba jambo likielezwa vizuri, watu watalifuata. Imani hiyo alikuja nayo ndani ya sanduku la bati, pamoja na vitabu na koti jeupe, na ilikuwa bado haijachakaa.

Mbuzi alipodungwa sindano na kwenda zake, mwanamke yule, Mellen, alisogeza kikapu mbele.

"Huyu anaitwa Chifu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, maana alipokuwa hai aliuza omena, dagaa wa ziwani, huko Suna. "Tulimwita hivyo kwa sababu anachukua samaki kwa kila nyumba na haombi. Anaendesha, tumbo halishiki, tangu mwaka jana. Anapona kidogo, anaanza tena. Ona mbavu."

Monari alimtoa paka. Alikuwa dume la manjano lenye kichwa kikubwa na mwili mdogo, kana kwamba kichwa kilikuwa cha paka mwingine. Manyoya ya nyuma yalikuwa yamegandamana.

"Ni paka wako?"

"Ni wa mtoto wangu, Emmaculate. Yeye yuko nyumbani, yuko hai. Naye anaendesha."

"Mtoto ungempeleka zahanati, mama."

"Nilienda. Sista akaniambia mtoto lazima aletwe na mzazi aliye hai. Akasema, Min Emma, hata mimi naumia, lakini sheria ni hiyo. Mikayi, mke mwenzangu mkubwa, amempeleka mwenyewe, akapewa dawa ya Flagyl, akapona, halafu ikarudi. Akapeleka tena, ikarudi tena. Ndiyo nikafikiria wewe. Paka hajali nani amemleta."

Monari alifikiri, akaona ni kweli. Hakuijua sheria yoyote ya mifugo iliyomtaka mwenye mnyama awe hai.

"Wanalala kitanda kimoja," Mellen aliendelea. "Emma akinywa maji anammiminia Chifu kwa kifuniko. Kile kiko ndani ya huyu, kiko ndani ya yule."

"Si lazima iwe hivyo," Monari alisema, maana alikuwa amefundishwa tahadhari. "Paka anaweza kuwa na ugonjwa wake peke yake."

"Basi pima."

Hawakuhitaji kungoja. Chifu alitoa sampuli papo hapo, juu ya buti la Zadock lililokuwa limekwisha kukwanguliwa. Zadock alitazama chini, kisha akatazama juu, kisha akaanza kukwangua upya.

Monari alipaka tone kwenye kioo, akageuza kioo kidogo cha hadubini kuelekea jua lililobaki, akatafuta. Hakuona mayai ya minyoo. Hakuona chochote kinachotembea. Jambo hilo halikumshangaza. Kuna kijidudu kiitwacho giardia ambacho leo hutoka kwenye kinyesi kwa wingi na kesho kisionekane hata kimoja. Mtu anaweza kutazama kioo siku baada ya siku akaapa kwamba utumbo ni safi.

Kwa hiyo akafungua kabati na kutoa boksi. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi Homa Bay walipofunga mradi wao walimwachia, wakisema ni vipimo vya haraka, vya aina mpya, na kwamba vilivyobaki haviwalipi kuvibeba hadi kwao. Kila kipimo kilikuwa kipande cha plastiki chenye kidirisha. Unachanganya kinyesi na dawa ya kichupa, unadondosha matone, unangoja muda wa chai kuchemka. Kama kipimo ni kizima, doa la buluu hutokea juu. Kama giardia wamo, doa la pili hutokea chini yake. Kipimo hakitafuti mdudu mwenyewe, hunusa alichoacha. Kwa hiyo hata mdudu akijificha, hujulikana.

Walipokuwa wakingoja, Mellen alieleza.

Mume wake, Jeremiah, alikuwa na wake wawili. Mikayi, yaani mke mkubwa, ni Monicah. Katika boma lao mikayi ndiye anayeweka mbegu ya kwanza ardhini. Mke mdogo hufuata. Mwaka uliotangulia mvua ilikuja Monicah akiwa kwao Rusinga, kwenye matanga ya mama yake.

"Mvua haikungoja matanga," Mellen alisema. "Nikapanda. Mistari michache tu, karibu na jiko. Mahindi yalimea vizuri, Daktari. Yalikuwa matamu."

Kisha mtoto wake Maxwell alianza kuendesha, akakonda, akafa. Mdogo wake, Levis, akafuata. Boma likasema ni chira, laana inayomfuata mtu aliyevunja mpango wa nyumba, kwa sababu chira huja hivyo hivyo: mwili unayeyuka na tumbo halishiki kitu. Halafu mvua kubwa ilipopita Mellen mwenyewe akashikwa. Walipomzika, walimweka nje ya ua wa minyaa, na langoni wakanyunyiza manyasi, dawa ya mitishamba ya kusafisha chira, ili asirudi ndani.

"Siwezi kupita pale," alisema. "Miguu inakataa. Chifu ndiye anatoka kuja kwangu."

Monari alitazama kidirisha. Doa la juu lilikuwa limetokea. Chini yake doa la pili lilikuwa likija polepole, kwanza kama vumbi, kisha buluu kamili.

"Maji yenu mnachota wapi?" aliuliza.

"Bombani. Kila mtu anachota bombani. Lilifunguliwa mwaka huo huo, kabla mahindi yangu hayajatoa mbelewele."

"Huchemshi?"

"Ya bomba nichemshe ya nini? Ya ziwa ndiyo tulikuwa tunachemsha."

Monari aliweka kipande cha plastiki mezani, mahali ambapo angeweza kukiona. "Kipimo hiki kinaona mdudu mmoja tu," alisema. "Siwezi kukuambia ndiye aliyewaua. Lakini mlango aliopitia huyu, wengine pia wanapita."

Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya Mellen, likapita bila kuacha kivuli.

"Kwa hiyo si mahindi," alisema.

"Si mahindi, mama."

Aliinama juu ya kile kidirisha kwa muda mrefu. Zadock aligeukia ukuta, akajifanya anatafuta ufagio.

"Nataka mambo mawili," Mellen alisema hatimaye. "Uende kwa boma uwaambie. Na Emma asikunywe hayo maji tena. La kwanza najua ni gumu. La pili niahidi."

"Nakuahidi," Monari alisema. Alikuwa na umri wa kuahidi upesi.

Habari ilienea. Kuanzia jioni iliyofuata wafu wengine walianza kuja jua likishuka, kila mmoja na paka wa nyumba yake. Walikuwa wanawake wengi, mzee mmoja aliyekuwa shemasi, na msichana wa shule aliyebeba vitoto vya paka ndani ya mkoba wa vitabu. Waliketi ukutani kwa utaratibu. Wateja walio hai walilalamika kidogo kuhusu foleni.

"Walipokuwa hai hawakujua hii ofisi iko," Zadock alinung'unika, lakini aliwaletea benchi la pili kutoka kanisani.

Monari alipima hadi boksi likabaki na kipimo kimoja. Paka wa nyumba zilizochota bombani walitoa madoa mawili, isipokuwa wachache. Paka wa nyumba za juu kilimani, ambako wazee bado walikinga maji ya mvua kwenye mapipa, walitoa doa moja. Aliwapa wote dawa iliyosagwa ndani ya omena, na wafu wakashukuru na kuondoka bila kugusa chai.

Kisha akaenda kuona pampu. Bomba lilinyonya maji kwenye ghuba ndogo ambapo ng'ombe walikunywa wakisimama hadi tumboni. Hatua chache juu ya hapo kilikuwa kibanda cha wanunuzi wa sangara, na choo chao kilikuwa shimo lililopasuliwa na mvua kubwa upande wa chini. Alisimama akitazama jinsi utelezi wa kijani ulivyoshuka mpaka majini. Mvulana wa ng'ombe alimsalimu. Naye akamwitikia.

Boma la Jeremiah lilikuwa na nyumba ya Monicah upande wa juu na nyumba ya Mellen iliyofungwa. Jeremiah alikuwa ziwani, kama siku nyingi tangu mazishi. Monicah alikuwa jikoni akitwanga majani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya upole. Emmaculate alikuwa amelala juu ya gunia kando yake, macho makubwa, shingo nyembamba. Chifu alikuwa amejikunja kwenye tumbo lake.

"Karibu, Daktari. Nilisikia mke mwenzangu alikuja kwako."

"Alikuja."

"Anaendeleaje?"

"Lebo ya gauni inamkera."

Monicah aliacha kutwanga. "Nilisahau kuikata," alisema. "Nilimvisha mimi. Nikaona kila kitu, hiyo sikuona."

Alimimina majani ndani ya bakuli, akachota maji kwenye ndoo ya bomba, akakoroga. Maji yakawa ya kijani. Aliinua kichwa cha mtoto na kumnywesha taratibu, akimfuta kidevu kwa ukingo wa leso. Haya yalikuwa manyasi ya asubuhi. Kulikuwa na ya jioni pia. Monari aliona kwamba katika nyumba nzima hakuna mtu aliyekunywa maji ya bomba mengi kuliko mtoto aliyekuwa akitibiwa.

Akamweleza yote, polepole, kuhusu paka na madoa na pampu. Monicah alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, ni nani huchota maji hapa nyumbani?"

"Sijui."

"Ni mimi. Mellen alikuwa anakwenda Suna na omena, mimi nabaki na watoto wake. Maxwell alikuwa akirudi shule ananiambia, mama mkubwa, nipe maji. Nampa. Akishikwa na tumbo, namwambia kunywa maji mengi. Nampa tena." Alimweka Emmaculate chini. "Kama ni mahindi, ni Mellen. Kama ni maji, ni mimi niliyewanywesha. Wewe unataka niseme ni gani?"

Monari aliinama, akachungulia ndani ya ndoo ya bomba.

Jumamosi boma lilikusanyika. Aliyeketi katikati alikuwa Elkanah, kaka mkubwa wa Jeremiah na diwani wa eneo lile. Bomba lilikuwa lake kwa maana ya kwamba alilipigania, akalifungua kwa kwaya na ng'ombe aliyechinjwa, na watu waliliita Bomba la Mheshimiwa. Hakuwa mtu mbaya. Wale watoto, Maxwell na Levis, aliwanunulia majeneza mwenyewe. Nyumbani kwake walikunywa chai na soda.

Mellen alikuwa nje ya ua, mahali ambapo minyaa ilikuwa myembamba. Waliokaa upande ule walimpungia mkono.

Monari alizungumza. Alipanga vile vipande vya plastiki juu ya stuli, vyenye madoa mawili upande huu, vyenye doa moja upande ule. Alieleza vizuri kabisa, kama alivyoamini kwamba mambo yanapaswa kuelezwa.

"Tunashukuru, Daktari," Elkanah alisema. "Wewe ni mtoto wa shule na tunakuheshimu. Lakini umepima paka."

Watu walicheka kidogo, bila ubaya.

"Paka wa hapa wanakula panya, mijusi, matumbo ya samaki. Mimi pia ningekula hivyo ningeendesha. Hebu niambie, hao paka wamekufa?"

"Hapana. Wamekonda."

"Watu wamekufa. Paka hawajapanda mahindi, hawajafa. Sasa hapo kuna nini cha kutafuta?"

"Shemeji," Mellen alisema kutoka nje ya ua, "mwache amalize."

"Min Emma, umezikwa," Elkanah alimjibu kwa upole. "Aliyezikwa hana zamu ya kusema."

Hakuna aliyelipinga hilo, hata Monari, kwa sababu lilikuwa kweli kwa desturi ya boma. Mkutano ulifungwa kwa sala. Wakati watu wakitawanyika, Elkanah alimshika Monari mkono, akatembea naye kama rafiki.

"Kuna nafasi nzuri Suna," alisema. "Ofisi kubwa, stima, barabara. Kijana kama wewe hapa unaoza. Nitaongea na wakubwa."

Monari alirudi jikoni kwa Monicah.

"Mikayi," alisema, "sikuambii uache manyasi. Nataka kuuliza tu. Inaruhusiwa kuchemshwa?"

"Ya chira haichemshwi. Ikichemshwa inakuwa mboga."

"Na maji ya kukorogea, lazima yatoke kwa bomba?"

Monicah alifikiri. Zamani maji yalitoka ziwani, na kabla ya hapo chemchemi, na manyasi yalikuwa manyasi. "Desturi haijasema maji ya nani," alisema.

"Basi yatakuwa ya kwangu. Nitayaleta yakiwa baridi. Ya dawa na ya kunywa, yake na ya Chifu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Monicah alifuta mikono kwa leso. "Lete," alisema. "Kama umeamua kuchoka, choka."

Ndivyo ilivyokuwa. Monari alinunua jeri ya manjano ya kubebea maji. Kila alfajiri aliwasha jiko la makaa nyuma ya ofisi, akachemsha maji ya bomba hadi yatokote vizuri, akayaacha yapoe, akayabeba mwenyewe kupanda njia ya boma. Emmaculate alipewa tena dawa ya zahanati, na Chifu akapewa yake ndani ya omena. Jioni Mellen alikuja ofisini kuuliza.

"Wamesemaje?"

"Bado hawajasema kitu. Leo alikula ugali."

"Na choo?"

"Kama uji mzito."

"Uji mzito ni mzuri," Mellen alisema, akaondoka kabla taa hazijawashwa.

Kisha gari la serikali lilikuja kutoka Suna. Dereva alikuwa Nyakundi, mtu wa kwao Monari, mchangamfu. Alisema Daktari anatakiwa ofisi kubwa tangu siku hiyo, afunge mizigo, na kwamba ana bahati maana chumba chake kina sinki. Monari alimwambia angoje, kuna maji jikoni. Nyakundi alingoja. Maji yalitokota, yakaanza kupoa, Monari akayapeleka, akarudi.

"Twende sasa."

"Na kesho nani atapeleka?"

"Kesho? Wewe ndugu, umetumwa kusomea ng'ombe ukaja kuwa mchuuzi wa maji?" Nyakundi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Mimi sitamwambia. Lakini wakubwa nitawaambia, ndiyo kazi yangu."

Aliondoka na gari tupu. Mwisho wa mwezi mshahara haukuja, na haukuja tena. Monari alihamisha sanduku lake kutoka nyumba ya serikali hadi chumba nyuma ya duka la chumvi. Aliishi kwa kuhasi mafahali na kuchanja kuku. Walimlipa kwa mihogo, mara nyingine kwa kuku wale wale. Ofisi ya mifugo ilipata daktari mwingine, ambaye hakufungua jioni. Zadock alihamisha benchi la pili hadi mlangoni kwa Monari, bila kuulizwa.

Emmaculate alinenepa. Kwanza mashavu, kisha mapaja. Alianza kumfukuza Chifu kuzunguka ghala, na Chifu, ambaye sasa kichwa chake kilianza kumtosha, alianza tena kuiba samaki kwa majirani. Hata wapita njia walisimama langoni kumtazama mtoto.

Boma lilifurahi sana. Walichinja mbuzi. Elkanah alisimama akasema kwamba manyasi yamefanya kazi, na kwamba sasa kila mtu ameona kwa macho yake kuwa ilikuwa chira. Kama isingekuwa chira, alisema, dawa ya chira isingemponya. Watu waliitikia. Waliokuwa na mashaka tangu mkutano wa Jumamosi ile walipumua, na mwanamke mmoja aliyekuwa ameanza kuchemsha maji yake aliacha, kwa kuwa makaa yalikuwa yamepanda bei.

Monari alikuwa ameketi mwisho wa mkeka na kipande cha ini.

"Ni maji, Mheshimiwa," alisema. "Nayaleta kila siku. Mikayi anajua."

"Hata mimi najua. Si nakuona na jeri yako?" Elkanah aliketi karibu naye. Hakuwa na hasira. "Daktari, mimi ni mtu wa haki. Acha kuleta, wiki mbili tu. Manyasi yaendelee kwa maji ya bomba. Mtoto akishikwa tena, nitasimama hapa hapa niseme nilikosea. Yule mama tutamfungulia ua, tumlete ndani alale karibu na watoto wake. Na pampu nitaihamisha kwa mkono wangu. Hicho si kipimo?"

Kilikuwa kipimo. Kilikuwa kipimo kizuri, na Monari alijua ni kipi kati ya vipimo vyote ambacho watu wale wangekiamini. Monicah, aliyekuwa akigawa ugali, alisimama na sinia mkononi, akasubiri kusikia atasema nini.

"Nitafikiri," alisema.

Alitoka nje ya ua. Mellen alikuwa ameketi juu ya kaburi lake, Chifu mapajani. Kutoka pale, kupitia upenyo wa minyaa, mtu aliweza kumwona Emmaculate akiruka kamba ya katani na wasichana wengine.

"Wamesemaje?" Mellen aliuliza.

"Wamesema ni manyasi."

"Nilisikia wakiimba, nikajua."

Monari alimweleza alichosema Elkanah. Hakupunguza kitu. Alimweleza kuhusu wiki mbili, na kuhusu kufunguliwa ua, na kuhusu Maxwell na Levis waliolala ndani, upande wa nyumba iliyofungwa. "Nikiacha, watajua si mahindi," alisema. "Pengine hata bomba litahama. Watoto wengine pia wanakunywa pale, mama. Nimefikiri hilo pia. Nisipoacha, wataamini hivi milele. Kila siku ninayoleta maji nawathibitishia."

Mellen alimtazama mtoto akiruka. Aliruka vibaya, kamba ikamshika mguu, akaanguka, akainuka akicheka na goti lenye vumbi.

"Jina langu haliendeshi, Daktari," alisema.

Monari aliketi kando ya kaburi.

"Wewe uliahidi la pili. La kwanza hukuahidi."

"Sikuahidi."

"Basi."

Alikuwa na kile kipimo kimoja kilichobaki, mfukoni, kwenye karatasi yake ya fedha. Alikuwa amekitunza kwa ajili ya siku ambayo mtu mkubwa kutoka Suna au Homa Bay angekuja na kusema, hebu nionyeshe. Hakuna aliyekuja. Chifu alishuka kutoka mapajani, akachimba kidogo kando ya kaburi, akajisaidia, na kilichotoka kilikuwa kigumu na cheusi na kimekamilika. Mellen aliinama akakitazama kama mtu anayesoma habari za nyumbani.

Monari alipima. Walingoja pamoja. Doa la juu lilitokea. Chini yake kidirisha kilibaki cheupe, wakangoja zaidi ya ilivyotakiwa, kikabaki cheupe.

"Hakuna," alisema.

"Nipe nikae nacho."

Akampa. Kisha akatoa mkasi wake mdogo wa upasuaji, akamwomba ainue mkono, akakata uzi mweusi chini ya kwapa. Lebo ilianguka juu ya majani.

"Ahsante," Mellen alisema. "Ilikuwa inaniwasha sana."

Monari alirudi langoni na kumwambia Elkanah kwamba hataacha kuleta maji. Elkanah alitikisa kichwa kwa huruma, akamfungia mguu wa mbuzi ndani ya gazeti. Monicah aliendelea kugawa ugali. Alipofika kwa Monari, alimwekea kipande kikubwa kuliko cha wengine, wala hakumtazama usoni.

Asubuhi iliyofuata Monari aliwasha jiko, akachemsha maji, akayapoza, akaanza kupanda. Bombani foleni ilikuwa ndefu na yenye vicheko. Wanawake walimsalimu. Mmoja wao, Liz, ambaye paka wake alikuwa wa madoa mawili na ambaye marehemu mama yake huja jioni kwenye benchi la pili, aliona jinsi jeri ilivyomwinamisha upande mmoja na bado haijajaa.

"Daktari, unatembea na jeri nusu? Haya, lete," alisema. Kabla hajajibu aliishika, akafungua kifuniko, akaisogeza chini ya bomba na kumjazia hadi shingoni. Akafunga, akaifuta kwa leso. "Sasa hiyo ni jeri ya mwanamume."

"Ahsante, mama," Monari alisema.

Aliibeba hadi kwenye kona ya duka la chumvi, mahali ambapo Liz asingemwona. Huko aliimwaga yote, kwa kuwa yaliyochemshwa yalikuwa yamechanganyika na ya bomba. Makaa yaliyobaki kwenye debe yalikuwa ya kupikia chakula chake cha siku hiyo. Akayatia jikoni, akapuliza, akabandika maji mengine yachemke, na Mellen, ambaye wafu wenzake walikuwa wamekwisha kurudi kulala, alibaki amesimama kando ya ua wa minyaa akiangalia njia.